Kwa Nini Bakteria wa Chemchemi ya Moto Hukaza Kamba Zao

Kabla hajatokea mtu wa kuonja maji ya chemchemi akaunguza ulimi, chemchemi zote zilikuwa baridi. Katika tope la chemchemi moja, chini ya mlima uliokuwa bado umelala, waliishi bakteria. Walikuwa wadogo kiasi kwamba kijiji chao kizima kingeenea kwenye unyayo wa sisimizi na nafasi ikabaki. Kwao hakukuwa na harusi wala mahari. Aliyeshiba aligawanyika, wakawa wawili, na kwa kuwa hakuna aliyejua nani mama nani binti, wote waliitana pacha.

Kila mmoja alikuwa na kamba moja ndefu, iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Humo ndimo yalimoandikwa mambo yote ya kuishi: namna ya kula, namna ya kujenga ukuta, namna ya kujitibu. Kamba ilikuwa ndefu kuliko nyumba ya mwenyewe, basi ilikunjwa na kupindwa mpaka ikaenea. Desturi ilikuwa kuipinda kwa mkono wa kulegeza, yaani kuizungusha upande wa kuifumua kidogo, ili nyuzi ziachane kwa urahisi mtu anapotaka kusoma. Ilikuwa desturi nzuri, na hakuna aliyewahi kuiuliza maswali.

Mmoja wao, jina lake Sikudhani, alikuwa fundi wa kusokota. Siku mlima ulipoamka, alikuwa karibu kugawanyika, na tayari alikuwa ameanza kunakili kamba yake kwa ajili ya pacha ajaye. Maji yalipopata uvuguvugu, majirani walifurahi, wakasema leo tunaoga kama wafalme. Kisha yakawa moto. Kisha yakaanza kutoa mvuke, na hakuna aliyeongea tena habari za wafalme.

Joto likaingia hadi kwenye kamba. Nyuzi zikaanza kuachana zenyewe, hata mahali ambapo hakuna aliyetaka kusoma. Sikudhani alipoona mapengo yale aliogopa sana. Angekuwa na moyo, ungemdondoka. Kamba ikikatika, yeye angekwisha, na pacha wake asingezaliwa kabisa.

Bi Mashavu, ambaye alihesabiwa mkubwa kwa sababu tu sauti yake ilikuwa kubwa, akapaza hiyo sauti.

"Pindeni, mapacha wangu! Pindeni kama tulivyozoea!"

Wakapinda wote, kwa mkono uleule wa kulegeza. Kadiri walivyopinda, ndivyo nyuzi zilivyozidi kuachana. Walikuwa wanausaidia moto bila kujua, maskini. Nyumba moja ikanyamaza, mwenyewe amekwisha, kisha nyingine.

Sikudhani naye alipinda, mpaka jicho lake likaangukia mahali alipokuwa akinakili. Mtu akinakili, kamba iliyo mbele yake hujikaza kwa kusukumwa. Siku zote ilikuwa kero tu, na fundi alikimbilia kuilegeza. Leo, katika kamba nzima, pale palipojikaza ndipo pekee nyuzi zilipokuwa bado zimeshikana.

Akageuza mkono.

"We pacha, una wazimu?" Bi Mashavu akamaka. "Huo ni mkono wa kukaza! Utasomaje?"

"Nitasoma kwa shida, Bi Mashavu. Lakini nitakuwa na cha kusoma."

Akakata uzi mmoja, akaupitisha wa pili kwenye upenyo, akaunga upesi kabla joto halijauvuta. Akarudia tena na tena, nguvu zikimwisha. Pengo la kwanza likazibika. La pili likazibika. Kamba nzima ikakaza, ikatulia, na moto ukawa unaizunguka bila pa kuingilia.

"Jamani, imeshika!" akasema.

Bi Mashavu akateremsha sauti, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kisha akasema taratibu, "Nionyeshe huo mkono, pacha." Na waliobaki wakageuza mikono yao, mmoja akimwonyesha mwenzake.

Maji yalikuwa bado yanafuka mvuke Sikudhani alipogawanyika. Pacha mpya alitoka mzima, kamba yake haina pengo hata moja, na bila kufundishwa na mtu, akaanza kuikaza. Sikudhani alicheka mpaka ukuta wake ukatikisika.

Na tangu siku hiyo, bakteria wa chemchemi ya moto hupinda kamba zao kwa mkono wa kukaza. Ndugu zao wa tope baridi wameshika mkono wa zamani. Joto likiwajia ghafla huacha kulegeza kwa muda, kisha hurudia kazi yao. Nawe ukipita kwenye chemchemi ile, tumbukiza yai. Litaiva. Wao hawaivi.