Walinzi Wawili wa Mama Mkunga

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Watu wengi huitumia methali hii, na wengi wao hawajafuga hata kuku. Maana yake ni nyepesi: wenye nguvu wawili wakiwekwa mahali pamoja, kila mmoja akitaka kuwa mkubwa, amani hutoweka, na atakayeumia si lazima awe mmoja wao. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa, na ndiyo iliyomkuta Mama Mkunga.

Mama huyu alikuwa amezalisha kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watoto wa mtaa walipokewa na mikono yake. Mwaka huo baraza la wakunga likatoa agizo: kila mkunga afanye mtihani kwenye mtandao, na asiyefaulu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, cheti chake kitafutwa. Tena mtihani unaingiwa mara tatu tu. Maswali hayakumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kompyuta. Mara ya kwanza, alipofika swali la saba, kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kiliganda tuli. Alipobofya, kikajifunga chenyewe. Mara ya pili mambo yakawa yale yale, tena kwenye swali lile lile. Ikabaki mara moja. Mama Mkunga hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo aliketi kitandani akalia, maana hakujua angeitwa nani kama si mkunga.

Ijumaa saa mbili asubuhi akawaita wanawe wote wawili. Kumwita mmoja kungekuwa kutangaza vita. Mkubwa alikuwa fundi wa majokofu, na nyumbani walimwita Injinia. Mdogo alifundisha kompyuta shule ya sekondari, naye wakamwita Mwalimu. Walikuwa vijana wema, ila walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

"Hii imejaa takataka," alisema Injinia hata kabla ya kukaa. "Tufute kumbukumbu za kurasa za zamani, tuizime, tuiwashe."

"Kaka, hiyo si friji," Mwalimu akamjibu. "Kivinjari kimezeeka. Kinataka toleo jipya."

Bahati nzuri palikuwa na ukurasa wa mazoezi uliofanana na mtihani wenyewe, na kuuingia hakukuhesabiwa. Wakafuta takataka, wakazima, wakawasha. Kwenye swali la saba kivinjari kikaganda. Wakaweka toleo jipya, kikaganda. Wakafunga kurasa nyingine zote ukabaki huo mmoja. Kikaganda, kikajifunga, na ujumbe wa kuomba radhi ukajitokeza kana kwamba radhi ni dawa. Saa nne ikapita.

"Mimi nasema tatizo ni hiyo Ngao yako," Mwalimu akaropoka.

"Ngao gani?" mama akauliza.

Hapo ndipo siri ikafichuka. Miezi miwili iliyopita, Injinia alikuwa amepachika ndani ya kivinjari kijiprogramu kiitwacho Ngao, cha kuzuia matangazo na matapeli, ili mama yake asije akalaghaiwa. Wiki iliyofuata Mwalimu alikiona, akakicheka, kisha akapachika cha kwake, Kufuli, kwa kazi ile ile. Hakuna aliyemwambia mwenye kompyuta.

"Basi toa chako," alisema Injinia.

"Toa wewe. Changu kinasifiwa dunia nzima."

"Mimi ndiye niliyetangulia."

"Kutangulia si kufika, kaka."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameona vyumba vingi vya uzazi vikivurugwa na shangazi wawili wanaobishana juu ya kichwa cha mzazi, na dawa yake aliijua.

"Nionesheni pa kuvizimia, kisha mtoke nje."

"Lakini Mama, muda..."

"Muda ni wangu. Barazani, wote wawili. Na mlango mfunge."

Chumba kikatulia. Akafanya kama alivyozoea kazini: watoe wote, kisha waruhusu mmoja mmoja, umjue mwenye fujo. Alizima vijiprogramu vyote viwili, akafungua mazoezi. Swali la saba likapita, la nane likapita, mpaka la ishirini. Akawasha Ngao peke yake: shwari. Akaizima, akawasha Kufuli peke yake: shwari pia. Akawasha vyote viwili, na swali la saba, ambalo lilikuwa na picha, likaganda papo hapo. Kumbe kila kimoja kilimwona mwenzake kuwa ndiye mwizi. Hiki kinaificha picha, kile kinaifichua ili kiikague, hiki kinaificha tena, hivyo hivyo mpaka kivinjari kinaishiwa pumzi.

Mama Mkunga akajiinamia. Moyo ulimuuma, na haukumuuma kwa sababu ya kompyuta. Injinia akija peke yake, alitengeneza bomba huku akimchekesha mpaka mbavu zikamuuma. Mwalimu akija peke yake, walikaa wakazungumza mpaka chai ikapoa. Wakija pamoja, yeye aliishia jikoni, akijisingizia kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Miaka yote aliogopa kulisema hilo, akidhani kulisema ni kupunguza mapenzi.

Akavizima vyote viwili, akavuta pumzi, akaingia kwenye mtihani mara ya tatu. Saa tano na dakika arobaini, maandishi ya kijani yakamwambia kwamba amefaulu. Akapiga kigelegele peke yake, na wanawe wakaja mbio, wakigombea mlango.

"Kilichoharibu ni kipi?" Injinia aliuliza. "Changu au chake?"

"Hakuna kibovu. Kila kimoja kikiwa peke yake ni kizima."

"Basi utabakiza kipi?" Mwalimu naye akadakia.

"Kimoja. Na sitasema kipi, wala msinichungulie." Kisha akalitoa lile aliloliogopa miaka yote. "Na nyinyi pia, wanangu. Injinia utakuwa unakuja Jumamosi, Mwalimu Jumapili. Siwafukuzi. Nawapenda sana, ila mkiwa pamoja siwafaidi."

Wale ndugu wakatazamana. Kwa muda mfupi ilionekana wamekubaliana, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Sasa kwa nini yeye ndiye apewe Jumapili?" Injinia akauliza.

Mpaka wanafika barabarani walikuwa bado wanabishana, Jumamosi na Jumapili, ipi kubwa. Mama akafunga mlango, akaketi katika nyumba yake tulivu, angali mkunga. Wahenga hawakukosea: mafahali wawili hawakai zizi moja.