Nzi Kumi na Tisa wa Bi Mahbanu

Haya, kaeni, na wewe hapo uache kumfinya mwenzio. Zamani hizo, wajukuu zangu, kabla sijazaliwa mimi, na kabla bibi yangu hajaota jino, kulikuwa na mji huko Uajemi, nyuma ya milima, ambako kila nyumba ilifuma mazulia. Na zulia la huko halikufumwa kimya. Liliimbwa.

Mnacheka nini? Liliimbwa, nawaambia. Wafumaji waliketi benchi moja mbele ya kitanda cha kufumia, na nyuma yao akasimama mwimbaji na karatasi ya nakshi. Karatasi ilikuwa na vijumba vya rangi, kila kijumba fundo moja la sufu. Mwimbaji akiimba, "Mawili mekundu, moja la buluu," wafumaji hufunga, kisha huitikia, "Yamefungwa!" Huimba tena, hufunga tena, huitikia tena, mpaka jua lizame. Na aliyembishia mwimbaji alishushwa benchi siku nzima. Ndiyo desturi yao.

Mwimbaji wao alikuwa Bi Mahbanu, miaka arobaini akiimba. Sauti yake, wacha! Lakini macho, watoto wangu, macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Alijua, na hakumwambia mtu, kwa sababu mwimbaji asiyeona alinyang'anywa karatasi akapelekwa uani kuchambua sufu pamoja na vikongwe. Mahbanu alikuwa kikongwe kweli, ila vikongwe wenziwe hakuwapenda hata kidogo.

Basi mke wa kadhi, Bi Farangis, akaagiza zulia la harusi ya bintiye. Alitaka waridi jekundu juu ya weupe, bila hata uzi mmoja mweusi. Mahbanu akaanza kuimba, na akiimba alikula halua, eti koo lisikauke. Kidole kwenye halua, kidole kwenye karatasi. Nzi nao si wajinga. Wa kwanza akatua karatasini, katikati ya waridi. Mahbanu akakaza macho, akaona doa, akadhani nakshi imeongezwa, akalihesabu.

"Mawili mekundu, manne meusi."

Mkwewe Golandam, aliyekaa mwisho wa benchi, akageuka. "Mama, meusi? Mbona huyo ni nz..."

"Shuka benchi."

"Lakini Mama..."

"Shuka, nimesema."

Golandam akashuka, akashinda uani na vikongwe. Kesho yake akarudi kimya, na tangu hapo akiambiwa meusi, akafunga meusi. Wote wakafunga meusi. Yamefungwa! Yamefungwa! Uzi mweusi ukaisha, Mahbanu akaagiza mwingine, akilalamika kuwa watu wa siku hizi hawajui kukadiria.

Siku ya kulikata zulia litoke kwenye kitanda cha kufumia, Bi Farangis akaja na vijakazi wake. Likatandikwa. Bi Farangis akatabasamu, kisha akakunja uso, akamwamuru kijakazi mmoja apepee. Akapepea. Akapepea kwa mikono miwili. Mwisho Bi Farangis akavua kiatu chake mwenyewe, akapiga, paa! Akainua kiatu, nzi yuko pale pale.

"Golandam," Mahbanu akasema, aibu ikimpanda, "fukuza nzi hao."

"Hawafukuziki, Mama. Tumewafunga wenyewe. Wako kumi na tisa."

Mahbanu akapiga magoti, akapapasa. Sufu. Akapapasa wa pili. Sufu.

"Na ulijua?"

"Nilijua siku ya kwanza. Ukanishusha."

Chumba kizima kikamtazama. Sasa sikilizeni. Ilikuwa rahisi kusema wafumaji ndio waliokosea, nani angembishia? Neno hilo lilimfika mdomoni kabisa. Akamwona mkwewe ameinamisha kichwa, anangoja kusingiziwa, akaona uchungu.

"Kosa ni langu, Bi Farangis. Macho yangu hayaoni. Tangu mwaka juzi."

Bi Farangis akavaa kiatu. "Harusi ni baada ya wiki sita. Nitolee nzi hawa."

Wakang'oa fundo kwa fundo, wakafunga upya. Karatasi akapewa Golandam, Mahbanu akaenda uani kuchambua sufu. Golandam akaimba, na mbuzi wa jirani wakamjibu. Ana macho mazuri yule mwanamke, lakini sauti, Mungu amsamehe. Wafumaji wakacheka mpaka mafundo yakaenda upande.

Ndipo Mahbanu akatoka uani mwenyewe, sufu imemjaa nyweleni, akasimama kando ya mkwewe. Golandam akasoma kwa kunong'ona, Mahbanu akaimba kwa nguvu. Asubuhi hiyo hiyo akaimba matano palipo na matatu.

"Matatu, Mama," akasema Golandam mbele ya watu wote.

Mahbanu akafumbua mdomo amshushe. Akaufumba.

"Matatu," akaimba.

Basi, wajukuu, mkubwa akikosea mwambieni, kwa adabu, lakini mwambieni. Nami nikikosolewa nitajitahidi nisinune. Mbona mnatazama miguu yangu na kuibana midomo? Semeni. Nimevaa ndara za kushoto zote mbili?

Haya. Kisa nimekikunja kama mkeka. Aliyekalia upindo wake anyanyuke, akaniletee ndara ya kulia.