Kiranja Aliyeitikia Sala Kutoka Kibuyuni

Enzi ambazo wanyama walikuwa bado wakienda kanisani, mvua za vuli zilikataa kunyesha, na njaa ikaingia nyikani bila kubisha hodi. Hata hivyo kambi ya vijana ya Mtakatifu Fransisko haikuahirishwa. Askofu Tembo alikuwa amekwisha kuahidi kuja Jumapili ya mwisho kuwapa vijana Kipaimara, na Tembo hasahau. Chakula kilikuwa makande, kata moja kwa kila mmoja, na ndani yake mfupa mmoja wa kutia ladha.

Mlezi wa kambi alikuwa Simba. Siku ya kwanza alipanda juu ya kichuguu, akatikisa shingo ili manyoya yakae vizuri, akatangaza masharti. Asiwepo wa kumcheka mwenzake kwa umbo lake. Asiwepo wa kuchukua fungu la mwenzake. Anayeonewa aseme, na anayeona mwenzake akionewa aseme pia. Mwisho akaongeza sharti alilolipenda kuliko yote, kwa kuwa alilitunga mwenyewe: kengele ya adhuhuri ikilia, kila mmoja asimame pale alipo, afumbe macho, asitikisike mpaka sala ya Malaika wa Bwana iishe. Atakayefumbua atarudishwa kwao bila Kipaimara.

"Na nani atamwona anayefumbua, mkubwa?" Sungura akauliza kwa unyenyekevu.

Simba hakuwa amelifikiria hilo. Akatazama huku na huku, akamwona Fisi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, hata pale ambapo hapakuwa na sala. Akamfanya kiranja wa nidhamu. Wakati wa sala, kiranja peke yake ndiye angebaki na macho wazi.

Mdogo kuliko wote kambini alikuwa Digidigi. Fisi alimwita Kijiti kwa sababu ya miguu yake, akamtwika mkeka wake na kumtuma maji kila alipomwona ameketi. Wenzake walicheka. Si kwamba jambo lenyewe lilichekesha, bali kila mmoja aliona kuwa anayecheka hatumwi maji.

Hayo Digidigi angeyavumilia. Lililomshinda lilikuwa la adhuhuri. Makande yalipakuliwa kabla ya kengele ili yapoe wakati wa sala. Kila siku, akiwa amefumba macho, Digidigi alisikia hatua zikichechemea kuja kwake, kisha pumzi, kisha mlambo mrefu. Sala ikiisha, bakuli lake lilikuwa safi kama limeoshwa. Mwanzoni alidhani ni siafu. Siku moja akafumbua jicho moja, kidogo tu, akaona siafu mwenye madoadoa.

Akaenda kwa Simba, akaamkia, akaeleza. Fisi akaitwa, akaja akiwa ameinamisha kichwa kama mwenye kutoka kuungama.

"Sikatai kuulizwa, mkubwa," alisema. "Ila mdogo wangu huyu atuambie, aliniona kwa macho gani?"

Simba akamgeukia Digidigi. "Ulifumbua?"

Digidigi akatazama kwato zake. Akisema ndiyo, amevunja sharti. Akisema hapana, amemsingizia kiranja. Alikumbuka shati jeupe ambalo mama yake alikuwa amekwisha kumshonea, na bibi yake aliyekuwa amekwisha kualika ukoo mzima. Akanyamaza. Simba, ambaye hakupenda kuambiwa kuwa amechagua vibaya, alimwonya kwamba akileta tena lalamiko la namna hiyo atafunga mzigo wake kabla ya Jumapili.

Digidigi akamwendea Nyati, aliyesimama jirani yake mstarini. Nyati alikiri kwamba mlambo huo huusikia kila siku. "Lakini bakuli langu haligusi," akasema, akaendelea kucheua.

Sungura alikuwa amejitolea kusaidia jikoni tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alijua njaa humfikia mpishi mwisho. Alimkuta Digidigi nyuma ya jiko akilia bila sauti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulikosea kitu kimoja," alimwambia. "Ulikwenda na macho. Kesho tutakwenda na masikio."

Jioni ile Sungura alimtembelea Simba, akamsifia manyoya, kisha akadokeza kwamba Askofu Tembo ana desturi ya kukatiza sala katikati na kumtaka mmoja aitikie peke yake, na kwamba huanza na viongozi. Ingekuwa aibu iliyoje kiranja wa Simba akikwama mbele ya wageni! Simba akasema kwamba desturi hiyo anaijua siku nyingi.

Kesho yake Sungura alimpakulia Digidigi makande katika kibuyu cha maziwa chenye shingo nyembamba, na mfupa akauchagua mrefu.

"Nitakulaje humu?" Digidigi akauliza.

"Leo huli. Leo unatega. Wewe fumba macho, na hata mbingu ikianguka usiyafumbue."

Kengele ikalia. Kambi nzima ikasimama kimya, macho yamefumbwa, na Simba juu ya kichuguu akaanzisha sala huku yeye mwenyewe amefumba. Digidigi akasikia hatua zikichechemea. Akasikia pumzi. Mlambo haukuja. Badala yake kitu kilisukumwa, kikakwaruza, kisha kikaanza kugonga ngo, ngo, ngo.

Simba akakohoa. "Kiranja. Itikio linalofuata, peke yako, kwa sauti yako ile."

"Wuuu wu wuwu," sauti ikajibu, kubwa na ya mbali, kama ya mtu anayesali ndani ya kisima.

Simba hakupenda kuonekana hajui Kilatini. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa, kisha akasema, "Sasa kwa Kiswahili."

"Wuuu."

"Kuna nini huko? Aliye karibu aniambie."

"Hatuoni, mkubwa," Nyati akasema. "Tumefumba macho."

"Digidigi?"

Kwa Digidigi, kufumbua kulikuwa kwenda nyumbani, na kunyamaza kulikuwa kulala na njaa mpaka Jumapili. Akakaza macho zaidi.

"Sioni, mkubwa. Ila nasikia. Kuna mfupa unagonga kibuyu changu." Akainama, akatega sikio, akafuata mlio ule mpaka akaelewa. Pua ilikuwa imeingia vizuri. Ilikataa kutoka kwa sababu meno yalikuwa yameuma mfupa kwa upana. Digidigi akasema kwa upole, "Kiranja, achia mfupa, utatoka."

"Ni wangu," kikasema kibuyu, na maneno hayo yalitoka wazi kuliko sala.

Kambi nzima iliyasikia. Nyati akacheua mara moja, akasema kwamba mlambo huo yeye ameusikia kila siku na hakusema. Mwingine akasema naye ameusikia. Nyuma huko mwingine akasema bakuli lake pia. Simba akasahau sharti lake mwenyewe, akafumbua macho, akamwona kiranja wake wa nidhamu amevaa kibuyu usoni.

Nyati akajitolea kukipasua kwa ukwato. Aliposikia ukwato ukiinuliwa, Fisi akaachia mfupa, na pua ikachomoka kwa mlio wa kizibo.

"Nilijua tangu mwanzo," Simba akasema, na hakuna aliyemuuliza lolote. Alimvua Fisi ukiranja, akamweka kuosha vyombo mpaka kambi ivunjwe, na Kipaimara chake kikasubiri mwaka unaofuata. Kisha akashuka kichuguuni, akauweka mfupa wake mwenyewe mbele ya Digidigi, akaondoka haraka. Kwa Simba, huko ndiko kuomba radhi.

Jumapili Digidigi alivaa shati lake jeupe. Askofu Tembo aliendesha sala mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza yeyote. Simba akageuka kumtazama Sungura, lakini Sungura alikuwa katika sala nzito, macho ameyafumba kabisa.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa bado chache, na Fisi akarudi kambini kwa sababu Kipaimara hakipatikani kwingine. Alipanga foleni nyuma ya wote, tumbo likinguruma. Alipofika kwenye chungu, akainua macho aone nani ameshika kata. Alikuwa Digidigi.

"Shikamoo, kaka," Fisi akasema, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa miaka mingi.

Foleni nzima ikamtazama Digidigi. Yeye akazamisha kata mpaka chini, mifupa inakolala, akaitoa imejaa.

"Chukua, Fisi. Ila subiri kengele."

Fisi akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akasimama pembeni na kufumba macho kabla hata kengele haijalia. Ndiyo maana wahenga wakasema anayehama kambi asiichafue: mchama ago hanyele, huenda akauya papo.