Ua la Mwambani

"Ua la mwambani halililii ndoo." Mmemsikia bibi yenu akimjibu hivyo mwenye kisima, mkacheka. Basi tulieni niwaambie maneno haya yalikozaliwa.

Zamani hapa kijijini kila mjane alipanda maua juu ya kaburi la mumewe. Mwaka ukitimia wazee walikuja kuyatazama. Wakiyakuta yamechanua, shamba lilibaki kwake. Wakiyakuta yamekufa, shamba waligawana ndugu wote wa marehemu.

Wakesho alifiwa na mumewe wakati wa ukame. Kisima kilikuwa kimoja, na mwenye kisima alikuwa shemeji yake, Mwakio, mmoja wa ndugu wa marehemu, mtu mwenye roho ya fisi. Alimpa maji ya kunywa tu, ya maua akamnyima. Wakesho kuomba hakuomba. Alipanda mlimani, akang'oa miwaridi ya jangwani kwenye nyufa za mwamba, akaipandikiza kati ya mawe ya kaburi.

Watu wakamcheka. Ati kaburi la mume linapandwa magugu! Jua likazidi kuwaka, majani yakapukutika yote, yakabaki mashina ya kijivu, manene, matupu. Wakesho aliogopa, kusema kweli. Lakini kila asubuhi aliyabonyeza kwa kidole, akayakuta yangali magumu, yamejaa maji yake yenyewe.

Siku chache kabla ya wazee kuja, Mwakio alifika na ndoo imejaa pomoni.

"Shemeji, ua lako limekufa hili. Nigawie nusu ya shamba, nikuachie maji. Huenda likafufuka."

Wakesho aliinama akatazama ncha za mashina. Zilikuwa zimeanza kutoa vitumba. Mwakio hakuviona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye majani yaliyoanguka.

"Rudi na maji yako, shemeji. Ua la mwambani halililii ndoo."

"Una kiburi, mwanamke!"

"Ninacho. Na shamba ninalo."

Wazee walipofika, kaburi lote lilikuwa jekundu. Hapakuwa na jani hata moja, maua matupu, na nyuki wakivuma juu yake. Mwakio akauliza kwa hasira nani aliyeiba maji yake usiku. Mzee mmoja akagusa udongo, ukamwagika vidoleni kama unga. Shamba likabaki kwa Wakesho.

Shamba lenyewe ndilo hili mlilokalia, na Wakesho ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yenu. Sasa kachekeni tena, mkiweza. Ua la mwambani halililii ndoo.