Mkono wa Mama Hozza

Mshika mkono haulizi gia. Mmeusikia leo harusini, gari la maharusi lilipogoma na bibi harusi akapakiwa kwenye bodaboda nyuma ya mumewe, amemshika kiuno, anacheka. Nanyi mkanigeukia mimi, kana kwamba kila msemo wa hapa Mombo umetoka gerejini kwangu. Huu umetoka kwangu kweli, basi wajukuu zangu, acheni simu zenu niwaeleze ulikoanzia.

Alikuwapo Mzee Kupaza, dereva wa meneja wa shamba la mkonge. Meneja alipohama nchi alimwachia gari lake, refu, jekundu, lenye injini ya silinda nane na nguvu za kung'oa kisiki. Kwa gari hilo Kupaza alikwenda Soni kumchukua mkewe, huyo tuliyekuja kumwita Mama Hozza. Barabara ya Soni mnaijua, kona juu ya kona, huku mlima, kule korongo. Bibi harusi aliogopa, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe uliokuwa kwenye kijiti cha gia, wala hakukiondoa mpaka walipofika Mombo. Tangu hapo ikawa desturi yao. Kila safari walibadili gia pamoja, na yule mama, ambaye hakuwahi kushika usukani, akajua kila kona inataka gia gani.

Kisha giaboksi ikafa. Gari likasukumwa bandani, kuku wakataga kwenye viti vyake, na miaka ikapita. Presha ya macho ikampofusha Mama Hozza. Kupaza naye akapigwa na kiharusi, akapona, ila mguu wa kushoto ukabaki mzito. Siku moja yule mama akasema ana hamu ya kwenda kwao mara moja tu kabla hajafa, kwa gari lao, ayasikie tena maporomoko ya Soni. Kupaza alikuja gerejini siku hiyohiyo, anacheka na machozi yanamtoka.

Injini niliifufua. Tulipogombana ni kwenye giaboksi. Injini ya nguvu kama ile inasaga meno ya giaboksi dhaifu kama karanga, na zilizoweza kuihimili nilipata mbili tu. Moja ilikuwa manyuali, klachi yake ngumu, inataka mguu wa kushoto wa kijana. Nyingine ilikuwa otomatiki iliyotoka kwenye lori dogo, haina klachi kabisa. Nilimshauri achukue otomatiki. Akakataa katakata, na sababu hakuisema. Nikadhani ni majivuno, maana dereva wa zamani ukimtajia otomatiki umemtukana. Mwenye gari ndiye mwenye kauli, nikafunga manyuali huku nanung'unika.

Tulikwenda kuijaribu mlimani, mimi na yeye. Kwenye kona kali alitaka kupunguza gia, mguu ukakataa kukanyaga klachi. Injini ikazimika na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea korongoni. Nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, likasimama. Niliendesha mimi kurudi. Kupaza akalifunika gari turubai, akasema safari imekwisha, na nyumbani mkewe alikuwa amekwisha kutoa kanga zake mpya sandukuni.

Mama Hozza hakukubali kuishia hapo. Alimtaka mumewe amlete gerejini, akanihoji mpaka nikamweleza yote.

"Baba Hozza," akasema, "kumbe iko giaboksi isiyotaka mguu. Kwa nini umeikataa?"

Kupaza akamgeukia mkewe.

"Ile ukishaitia gia umemaliza, kijiti hukigusi tena," akasema. "Sasa mkono wako utauweka wapi? Macho huna. Utajuaje tumefika wapi?"

Niligeuka nikajifanya natafuta spana. Niliona haya, maana nilikuwa nimemdhania majivuno mtu aliyekuwa anamwonea mkewe huruma. Mama Hozza alipapasa mpaka akaupata ule mkono wa kushoto wa mumewe.

"Kwani ulidhani nilikuwa nimeshika gia?" akasema. "Nilikuwa nimekushika wewe. Miaka yote nimegawana mkono huu na chuma. Sasa chuma kimeuachia, nipe mimi."

Nikafunga ile otomatiki. Ilinilazimu kukata sakafu ya gari na kutengeneza vishikizo vipya, lakini ilikaa. Siku ya safari nilipanda kiti cha nyuma, kwa kuwa simwamini mtu na kazi yangu. Gari lilipanda mlima linanguruma taratibu. Mkono wa Kupaza ulikuwa mapajani kwa mkewe, na kila kona aliviminya vidole vyake, naye Mama Hozza akataja mahali tulipo bila kukosea. Tulipokaribia Soni aliyasikia maji kabla yetu. Akalia, Kupaza akalia, mimi nikatazama dirishani.

Wote wawili wametutoka. Gari liko kwangu, na Jumapili nyingine huwa naliwasha na kupanda nalo mpaka Soni. Linakwenda vizuri sana. Mkono wangu wa kushoto unakaa tu, hauna kazi, na bibi yenu angekuwapo leo ningempakia hata kwenye toroli, wala asingeuliza tunakwenda na nini. Mshika mkono haulizi gia.