Saa Tano za Maskati

Je, umewahi kumwona mtu anayeijua safari nzima, hatua kwa hatua, na hajanyanyua hata unyayo? Wahenga walisema mficha uchi hazai, maana mwenye haja akiificha, haipati. Basi alikuwapo Bi Azza, muuza kanga wa Kariakoo, mjane mwenye haya kama mwari.

Bintiye wa pekee, Shahd, aliolewa Maskati. Bi Azza hakuwahi kufika huko, lakini mwulize. Angekwambia ni kilomita zipatazo elfu nne, na kwamba ndege isiyotua njiani huruka saa tano na ushei, ila ya kuunganisha yaweza kula siku nzima. Haya aliyapata kwa Abbasi, mkata tiketi za ndege wa ghorofa ya juu, ambaye Bi Azza alimwuliza kila Jumatatu kama mtu aulizaye bei ya nyanya. Abbasi alizoea kumtania kwamba siku rubani akiugua, wataitwa wao wawili, Bi Azza arushe ndege, na yeye Abbasi atabeba mkoba tu.

Kilichomzuia ni mila. Kwao, binti akijifungua, mama ndiye humkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga hadi arobaini itimie. Lakini mama huitwa. Hajipeleki kwa mkwe. Shahd alipojifungua mtoto wa kwanza, miaka minne nyuma, Bi Azza alingoja aitwe. Hakuitwa. Akamwona mjukuu kwenye kioo cha simu, akipiga miayo. Moyo ukamwuma kama kidole kilichobanwa na mlango, naye akasema tu kwamba mtoto ana nywele nzuri.

Sasa Shahd alikuwa na mimba ya pili, amebakiza wiki tatu. Alipiga simu adhuhuri, akaeleza kuwa mama mkwe wake anaumwa magoti, hivyo watatafuta mtu wa kumtazama yeye Shahd akijifungua. Bi Azza akajibu kuwa ni vizuri, Mungu atawasimamia, na kwamba dukani kazi ni nyingi. Wakaagana.

Waridi, jirani yake wa meza ya shanga, alikuwa amesikia yote.

"Mama Shahd, kazi gani hiyo? Tangu asubuhi umekunja kanga ileile mara tatu."

"Mama hajialiki kwa mkwe, Waridi."

"Haya, kaa na heshima yako. Ila arobaini ikipita tena, usije kunililia. Mie nina shanga za kutunga."

Bi Azza alikaa kwenye kigoda akiwatazama wapita njia waelekeao Mnazi Mmoja, hadi adhana ya alasiri. Ndipo akapiga simu mwenyewe. Shahd akashtuka, akauliza kuna nini.

"Hakuna msiba, mwanangu. Nataka kuja. Nikukande kwa mikono yangu mwenyewe, nisikuone tena kwenye kioo."

Kikasikika kilio cha chini kwa chini. Shahd akaeleza kuwa hata mara ile ya kwanza aliona haya kumtoa mama yake dukani. Kila akipiga simu, aliambiwa habari za kazi, akadhani mama hataki.

"Nilikuwa nakutaka wewe tu, mama," akasema.

Safari ya saa tano ilikuwa imekula miaka minne, kwa ajili ya neno moja lililofichwa. Ama kweli, mficha uchi hazai.