Pembe ya Mtungi

Mtu mmoja alikuwa na mama mgonjwa wa kisukari, na nyumba ya mawe yenye pembe moja tu ya baridi. Nyumba ilikuwa Same, upande wa bondeni, ambako kiangazi kikishika jua halina huruma na mbuzi hugombania kivuli cha nguzo. Mtu huyo aliitwa Mbonea. Mama yake aliitwa Nakijwa. Katika pembe ile, ukumbini, kwenye ukuta mnene usiofikiwa na jua, ulikaa mtungi wa udongo wa mama, na ndani yake, juu ya maji, kilielea kikopo chenye mfuniko. Humo alihifadhi dawa yake ya sindano, kwa kuwa hawakuwa na friji. Nesi wa zahanati ndiye aliyemfundisha. Akamwambia kwamba dawa hiyo ikipata joto inakufa, na inaweza kufa isibadilike hata rangi.

Neno hilo lishikeni, tutalihitaji.

Mbonea alikuwa na kazi mjini, kwenye kampuni, kazi ya kupokea simu za wateja wenye malalamiko. Aliposikia mama yake ameanguka jikoni akiwa peke yake, aliwaendea wakubwa wake akawasihi, nusura apige magoti, wamruhusu afanyie kazi nyumbani ili amuuguze. Hakuwa mtoto mbaya. Nalisema mapema, maana nawajua mnavyopenda kumrukia mtu kabla habari yake haijaiva. Wakubwa walikubali kwa masharti mawili: mashine isizimike saa za kazi, na sauti za nyumbani zisisikike kwenye simu. Akatia sahihi.

Akaja na vitu vyake kwenye gari la mizigo: kompyuta, skrini ya pili, meza, kiti cha magurudumu, kisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kijani, hedifoni kubwa za kufunika masikio, na nyaya, jamani, nyaya! Utadhani anakwenda kutega sungura. Mama alisimama mlangoni na fimbo yake, uso umechanua. Alijua kwamba bila mashine ile mwanawe asingerudi. Akaigusa kwa kiganja akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku ya kwanza meza iliwekwa dirishani. Saa saba mchana kompyuta ikawa ya moto, ikazimika yenyewe katikati ya simu. Wakubwa wakamwonya kwamba ikizimika tena, atarudi mjini. Mbonea akaingiwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kumwacha mama. Akaizunguka nyumba nzima akipapasa kuta kwa kiganja, na ukuta wa baridi ulikuwa mmoja tu. Fundi umeme aliyekuja kumvutia soketi aliutazama mtungi, akaitazama sakafu iliyolowa chini yake, akaguna. Mtungi hutoka jasho. Ndiyo kazi yake, na kwa jasho hilo maji hupoa. Lakini fundi hakuitwa kwa ajili ya mtungi. Alisema maji na nyaya haviwezi kukaa pembe moja, na alisema kweli.

Basi Mbonea akautoa mtungi nyuma ya nyumba. Akanunua ndoo nyeupe ya plastiki yenye koki na mfuniko wa kubana, isiyovuja hata tone, akaiweka jikoni chini ya bati. Kikopo cha dawa akakihamishia humo taratibu, kikaelea juu ya maji vilevile kama zamani. Alijiona amemaliza mambo yote mawili kwa siku moja. Mama alikunywa maji ya ndoo siku mbili, kisha akamwambia hayana ubaridi.

"Utazoea, mama," alijibu Mbonea, na sikio moja lilikuwa limeshafunikwa na hedifoni.

Tangu siku hiyo mashine haikuzimika. Aliitunza kama mboni ya jicho. Kila baada ya saa moja aliingiza kiganja chini yake kupima joto, na akihisi vuguvugu aliigeuzia feni, feni pekee ya nyumba ile. Na kila asubuhi kabla ya kazi alifungua kikopo, akatoa kichupa, akavuta dawa, akamdunga mama yake. Hakukosa siku hata moja. Vidole vilevile vilivyojua joto la mashine vilishika kichupa chenye vuguvugu kila asubuhi, wala havikumwambia kitu. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee. Na mwenye vidole je?

Mama akashikwa na kiu. Akawa anakunywa na kwenda haja, anakunywa na kwenda haja, na mwili ukapungua hata khanga ikamzunguka mara mbili. Mbonea akasema ni joto la kiangazi. Mama akimwita, sauti haikupenya hedifoni. Akijikokota hadi ukumbini, mkono wa Mbonea ulinyanyuka bila uso kugeuka, maana yake subiri. Naye alisubiri. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya mgongo wa mwanawe, midomo imekauka, akimsikia anavyowaambia watu asiowajua, kwa upole ambao angeulilia: "Pole sana kwa usumbufu. Nakusikiliza. Endelea tu, nakusikiliza." Mchana kutwa. Linanichoma kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya tano, adhuhuri, Mbonea alivua hedifoni apumzike kidogo, akageuza kiti, akamkuta mama sakafuni karibu na kigoda. Alikuwa anahema kwa nguvu, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mbonea akapiga simu zahanati. Nesi akaja kwa pikipiki, yule yule wa mwanzo, akampima, akaagiza gari la wagonjwa. Kisha akauliza dawa inawekwa wapi.

Alipoelekezwa, nesi alikwenda jikoni. Alifungua ndoo, akatia mkono, akauchomoa upesi. Akatoa kichupa kwenye kikopo, akakifumbata kwanza yeye, halafu akarudi nacho ukumbini, akakiweka kwenye kiganja cha Mbonea. Kilikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi. Mbonea akasimama amekishika. Wiki tano, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemdunga mama yake dawa iliyokufa. Akaketi pale pale sakafuni, kando ya kichwa cha mama.

Mama akafumbua macho. Habari za dawa kufia ndooni hakuzijua. Aliona tu uso wa mwanawe umeharibika, na tangu arudi nyumbani uso ule haukuwa umeharibika ila kwa jambo moja. Akakusanya sauti iliyobaki, akamwuliza:

"Mashine imepata joto, mwanangu?"

Hakusema tena. Gari la wagonjwa lilipofika, nesi alikuwa ameshamfunika kwa khanga yake.

Wakamzika. Waombolezaji walipoondoka, Mbonea alichomoa nyaya zote, akaitoa meza ukumbini. Akaenda nyuma ya nyumba kuutazama mtungi, akitumaini, nafikiri, kwamba utakuwa umepasuka. Ulikuwa mzima. Akauosha, akaujaza, akaurudisha mahali pake. Asubuhi sakafu ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa baridi kabisa, na hapakuwa na mtu wa kuyanywa ila yeye.

Haya, ninyi mnaosema mmerudi nyumbani kwa ajili ya watu wenu, na kazi zenu mkazibeba mkaja nazo: ile pembe ya baridi mmempa nani?